Kofia ya Santa ni nguo au ni pambo? Mzigo wangu wa Krismasi umepasuliwa namba sita

#1 MzigoNingbo
Wakuu salaam. Nisaidieni kabla kichwa hakijapasuka.

Nimeleta mzigo wa Krismasi kutoka Yiwu, China, katoni 86 kwenye kontena la kuchangia lililopakiwa Ningbo. Ndani kuna miti ya plastiki, vipira vya kuning'iniza, nyuzi za kung'aa, taa za kumetameta, kofia za Santa, vikombe vyenye uso wa Santa, vitambaa vya meza vyekundu na mishumaa. Krismasi tupu, ukifungua katoni unasikia kengele. Wakala akaandika vyote namba ya forodha 9505.10, yaani vitu vya sherehe za Krismasi, ushuru 25%. Nikapiga hesabu zangu, nikamwambia fundi aanze kutengeneza rafu.

Siku ya ukaguzi afisa kafungua, kacheka kidogo, kapasua mzigo vipande sita. Miti, vipira na nyuzi kaviacha. Taa kazipeleka 9405.31, mishumaa 3406, vitambaa 6302, vikombe 6912, na kofia, jamani, kofia kazipeleka 6505 pamoja na kofia za watu wazima wanaokwenda kazini. Kofia, vikombe na vitambaa vyote vimepanda hadi 35%.

Swali langu ni moja. Nani huvaa kofia ya Santa mwezi wa Aprili?

#2 KijiweChaMsimbazi
Mimi namjua mmoja. Anauza mahindi ya kuchoma kituoni, mvua ikinyesha anaivaa.

#3 Konokono_wa_Mbeya
Mkuu pole. Hapo hakuna sheria, ni mwisho wa robo mwaka. Lengo la makusanyo halijafika, wewe ukapita na katoni zako zinang'aa.

#4 MzeeManifesti
Vijana, nimekaa kwenye kazi ya kutoa mizigo miaka mingi kabla sijastaafu, na #3 naomba asitupoteze. Malengo ya makusanyo yapo, lakini karibu kila alichofanya huyo afisa kimeandikwa.

Sura ya 95 ya jedwali la ushuru, ile yenye 9505, ina maelezo yake mwanzoni, na maelezo yale ndiyo sheria yenyewe, wala si ushauri. Yanasema mishumaa haimo humo, iende 3406. Taa za umeme za kutundika za aina zote hazimo, ziende 9405. Tena vyombo vya mezani, vya jikoni, nguo, mashuka, vitambaa vya meza na kila chenye kazi ya matumizi kinaainishwa kwa malighafi kilichotengenezwa nayo, hata ukichora Santa na kulungu wake wote. Kikombe ni kikombe. Uso wa Santa haukizuii kunywea chai.

Kwa hiyo wakala wako ndiye aliyekosea, kasoro kofia. Kofia tutaijadili.

#5 MzigoNingbo
Shikamoo mzee. Kwa hiyo hata taa? Zile taa huwezi kusomea kitabu!

#6 MzeeManifesti
Marahaba. Hata taa. Ila tazama vizuri hesabu yako. 9505 ni 25%, na taa nazo ni 25%. Ushuru haujabadilika hata senti. Kilichobadilika ni mambo mengine, na nadhani yameshaanza kukuuma.

#7 MzigoNingbo
Yameanza. Wanataka cheti cha ubora cha taa.

#8 Dada_wa_Kamukunji
Hapo ndipo sisi Nairobi hulia. Ukiandika "decorations" kila kitu kinapita kama karatasi. Ukiandika taa, basi ni kifaa cha umeme, lazima kikaguliwe huko huko China kabla ya kupakiwa na kije na cheti. Mimi mwaka juzi nilikaa na taa bandarini hadi tarehe 27 Desemba. Nimeziuza Pasaka. Nilimwambia mteja ni za kuvutia kuku usiku.

#9 KijiweChaMsimbazi
@Dada_wa_Kamukunji kuku wa Nairobi wana maisha kuliko mimi.

#10 HesabuZaBure
Tuache ushairi, tuangalie hela. Tuseme kofia, vikombe na vitambaa vina thamani ya CIF (bei pamoja na bima na nauli) shilingi milioni 10. Kwa 25% ni 2,500,000. Kwa 35% ni 3,500,000. Tofauti ni milioni moja. Lipa, chukua mzigo, uza. Storeji itakumaliza kabla ya hiyo kesi.

#11 Asha_Ledja
@HesabuZaBure jina lako linakutosha. Umesahau VAT, na VAT hukaa juu ya thamani pamoja na ushuru. Kwa Tanzania Bara 18%:

25%: ushuru 2,500,000, VAT ya 12,500,000 ni 2,250,000, jumla 4,750,000.
35%: ushuru 3,500,000, VAT ya 13,500,000 ni 2,430,000, jumla 5,930,000.

Tofauti ni 1,180,000, na hapo sijagusa tozo ndogondogo. Kenya VAT ni 16%, mtu apige mwenyewe.

#12 HesabuZaBure
Nimekubali dada. Laki na themanini ni hela, nakula mwezi mzima.

#13 Asha_Ledja
Kama umesajiliwa VAT utaidai kwenye ritani yako. Kama hujasajiliwa, imeondoka hiyo.

#14 Bi_Mvita
Salaam alaykum. Mie naleta mapambo ya Ramadhani na Idi kutoka Dubai, nashusha Mombasa. Mwaka wa kwanza nilileta fanusi za bati, zile za kutia mshumaa ndani, na mikufu ya karatasi yenye nyota na mwezi. Karatasi ilipita 9505.90, maana 9505.10 ni ya Krismasi peke yake na sherehe nyingine zote husukumwa kwenye 90. Fanusi ikakataliwa. Wakasema hiyo ni taa isiyo ya umeme, 9405.50.

Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, hii fanusi hakuna anayeiwasha ila Ramadhani." Akanijibu, "Mama, umeme ukikatika?" Sikuwa na jibu.

#15 Konokono_wa_Mbeya
😂😂 Huyo afisa anaishi mtaa mmoja na mimi.

#16 MaskatiLeo
Nasoma uzi huu nikiwa Muscat. Huku tangu umoja wa forodha wa nchi za Ghuba uanze 2003, vitu vingi ni 5%. Taa 5%, kofia 5%, fanusi 5%. Hatugombani juu ya namba kwa sababu hakuna cha kugombea. Ugomvi wa namba huzaliwa na viwango kupishana.

#17 MzeeManifesti
Hilo neno. Hata kwetu Afrika Mashariki, jedwali la pamoja la ushuru lilipoanza 2005 lilikuwa na ngazi tatu: 0, 10 na 25. Bidhaa za dukani karibu zote zilikaa 25, kwa hiyo kofia iwe pambo iwe nguo, ulilipa kilekile. Ngazi ya nne ya 35% ilipoingia Julai 2022, ikabeba nguo na vitambaa, kofia, kauri, samani na mengineyo. Tangu hapo swali la kofia ya Santa likapata bei.

#18 Dada_wa_Kamukunji
Tena msisahau kila mwisho wa Juni gazeti rasmi la Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoka, na nchi moja moja huomba viwango vyake kwa mwaka mmoja. Kinacholipiwa 35 kwangu chaweza kuwa kingine kwako. Usiagize mzigo kwa namba za uzi wa mwaka jana. Wala za uzi huu.

#19 Binti_Minnesota
Wakuu hamjambo. Nipo Marekani jimbo la Minnesota, nafanya kazi ofisi ya mizigo. Mjue hii vita ya mapambo huku imefika mahakamani zaidi ya mara moja, na moja ya kesi maarufu ilianzishwa na kampuni ya jimbo hili hili, Midwest of Cannon Falls. Hukumu ya rufaa ilitoka 1997. Forodha walikuwa wamelibana sana hilo fungu la vitu vya sherehe. Mahakama ikalipanua, hata kikombe cha kauri chenye sura ya boga la Halloween kikaingia.

Sababu ya kugombana ni kwamba kwenye jedwali lao la kawaida vitu vya Krismasi vya 9505.10 ni 0%. (Ushuru wa nyongeza wa bidhaa za China ni hadithi nyingine.) Kila mtu alitaka kuwa Krismasi.

#20 MzigoNingbo
Dada umeniokoa! Naprinti hiyo hukumu nampelekea kesho.

#21 Binti_Minnesota
Ngoja usiprinti! Mlango ule ulifungwa. Jedwali la dunia liliporekebishwa 2007, ndipo likaongezwa yale maelezo aliyoyasema Mzee #4, ya vyombo na vitambaa vyenye kazi ya matumizi. Kikombe cha boga leo kinarudi kwenye kauri.

Kilichobaki cha kukufaa ni kipimo chao. Waliuliza mambo mawili: je, kitu kinahusishwa kwa karibu na sherehe fulani? Na je, hutumika hasa wakati wa sherehe hiyo, kiasi kwamba ukikitumia wakati mwingine watu watakushangaa?

#22 KijiweChaMsimbazi
Basi kwetu hakuna pambo la Krismasi hata moja. Baa ya hapa mtaani nyuzi za kung'aa zinaning'inia tangu Krismasi ya mwaka niliohamia, na mwanangu sasa yuko darasa la tatu. Daladala ya hapa ina taa za kumetameta kwenye kioo mwaka mzima. Hakuna anayeshangaa. Angeshangaa mtu zikizimwa.

#23 MamaSendOff
Naunga mkono. Mimi ni mpambaji wa kumbi. Vipira vya dhahabu nanunua Desemba, navitumia kwenye send-off, kitchen party na kipaimara hadi Novemba. Nyuzi nyekundu nazo. Bwana harusi mmoja aliniuliza mbona ukumbi unanukia Krismasi, nikamwambia ni rangi ya upendo.

Kwa hiyo afisa akija kwangu akiuliza "hutumika hasa lini", nitamjibu Jumamosi.

#24 Asha_Ledja
@MamaSendOff wewe nyamaza, utampandishia mwenzio na vipira navyo.

#25 MzeeManifesti
Hapana, vipira viko salama. Ufafanuzi wa shirika la forodha la dunia unavitaja wazi: nyuzi za kung'aa, vipira vya rangi, wanyama na sanamu ndogo za kutundika mtini, miti ya bandia, pango na watu wake, malaika, soksi za Krismasi. Kinachoangaliwa ni kitu kilivyo siku kinapofika bandarini. Mnunuzi atakitundika wapi baadaye ni shauri lake.

Mti uliofunguliwa vipande ndani ya boksi nao bado ni mti, kanuni ya pili ya kuainisha bidhaa inasema hivyo. Kitako cha chuma kikija peke yake kinafuata chuma.

#26 Katekista_K
Tumsifu Yesu Kristo. Mzee umetaja pango, umenigusa kidonda. Parokia yetu iliagiza sanamu za pango la Noeli, kubwa, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Tukaambiwa hizi si vitu vya sherehe, ni sanamu za kupamba nyumba ya ibada, zifuate malighafi zilizotengenezwa nayo. Lakini mama mmoja wa jumuiya aliagiza seti ndogo ya mezani, Yusufu na Maria na ng'ombe wote, ikaingia 9505.10 bila neno. Mtoto Yesu ni yuleyule jamani.

#27 MzeeManifesti
Milele amina. Ufafanuzi unazitoa kweli sanamu za aina inayopamba sehemu za ibada. Lakini pango nalo limetajwa kwa jina upande wa pili. Kama zilikuwa zinawekwa Desemba na kurudishwa stoo Januari, mimi ningepinga.

#28 Katekista_K
Zinarudi stoo baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Punda hakurudi mwaka huu, amevunjika sikio.

#29 Konokono_wa_Mbeya
Mnaosema sheria, sheria. Mbona mzigo wa jamaa yangu, vitu vilevile, wakala mwingine, kituo kingine, ulipita wote 9505 mwezi uleule? Sheria gani inajua kituo?

#30 Dada_wa_Kamukunji
Jamaa yako asherehekee kimyakimya. Kupita leo si kupona. Wanaweza kurudi kukagua vitabu baadaye na kudai kilichopungua. Jirani yangu alidaiwa bidhaa alizokwisha kuuza, hela alishajengea ukuta. Aliangalia ule ukuta kama deni.

#31 Invoisi_Safi
Mimi sababu yangu ni tofauti na zenu zote. Tatizo ni invoisi. Naomba OP (mwenye uzi) atuambie, muuzaji wa Yiwu aliandikaje?

#32 MzigoNingbo
"Christmas decoration, 86 ctns."

#33 Invoisi_Safi
Basi umejibiwa. Mstari mmoja kwa vitu vinane! Afisa akiona hivyo anajua kuna kilichofunikwa, hata kama hakipo. Mimi namwambia muuzaji anivunjie: mti wa plastiki wa PVC, urefu, idadi. Kofia, kitambaa gani, zimeshonwa au zimegundishwa. Kila mstari na bei yake. Nisipovunja mimi atavunja afisa, na thamani atagawa anavyojua yeye. Nyundo bora uishike mwenyewe.

#34 Konokono_wa_Mbeya
Na ukivunja mwenyewe si unamrahisishia kukupandishia?

#35 Invoisi_Safi
Kwa vikombe ndiyo, ila vikombe utapandishiwa tu. Kwa kofia inakusaidia.

#36 MzigoNingbo
Haya turudi kwenye kofia. Ni za kitambaa laini kama cha blanketi jembamba, pindo jeupe limebandikwa kwa gundi, kipira juu. Ukiivuta inabaki mkononi.

#37 MzeeManifesti
Hapa sasa hata mimi natikisika. Sura ya 65 inashika kofia za nguo. 9505 inataja vitu vya kujigeuza sura: vinyago, pua na masikio ya bandia, ndevu, kofia za karatasi. Mavazi ya kuigiza yaliyotengenezwa kwa kitambaa yanatolewa, yaende kwenye nguo. Kofia yako si ya karatasi, wala si kofia ya kukinga jua. Afisa ana hoja, wewe una hoja.

#38 Binti_Minnesota
Kuna kesi nyingine ya huku ya 2019, Rubies Costume, juu ya suti ya Santa. Ugomvi ulikuwa koti, suruali, glavu na mfuko wa zawadi. Mahakama ya rufaa ikakubaliana na forodha kwamba hizo ni bidhaa za kawaida, koti na suruali ni nguo, kwa sababu zimeshonwa vizuri, zina zipu, zinavalika tena na tena. Hoja ilikuwa ubora: vazi hafifu la kutupwa ni kitu cha sherehe, lililoshonwa imara ni nguo. Kama pindo lako linabaki mkononi, hiyo ndiyo hoja yako.

#39 Asha_Ledja
Kwa hiyo ili ashinde lazima athibitishe kwamba bidhaa yake ni mbovu 😂 Mkuu peleka kofia, ivute mbele ya meza.

#40 KijiweChaMsimbazi
Akishinda asituwekee huu uzi hadharani, wateja tunasoma.

#41 Bi_Mvita
Mie nasema hoja hiyo haifai kwetu. Huko Marekani ni Marekani. Na hizo kofia watoto wa bodaboda huvaa Desemba nzima chini ya helmeti, zinafyonza jasho. Kitu kinachofyonza jasho ni nguo.

#42 MaskatiLeo
Bi Mvita kesi umemaliza kwa sentensi moja.

#43 MzeeManifesti
Hukumu za Marekani hazimfungi afisa wetu, kweli. Lakini jedwali ni la dunia moja hadi tarakimu sita, kwa hiyo hoja ya nje yaweza kusikilizwa, si zaidi ya hapo.

OP, fanya hivi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 tangu uamuzi utolewe kumwandikia Kamishna ukiomba upitiwe upya. Naye ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya zikapita, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Wakati huo unaweza kuomba uachiwe mzigo kwa kulipa walichokadiria au kuweka dhamana. Usipinge vikombe, vitambaa, taa wala mishumaa, utaonekana mbishi na kofia nayo itazama. Pinga kofia peke yake. Weka sampuli kwenye bahasha.

Na mwakani, kabla hujaagiza, kifungu cha 248A kinakuruhusu kuomba uamuzi wa mapema wa namba. Unapeleka maelezo na sampuli, unajibiwa kabla meli haijang'oa nanga.

#44 HesabuZaBure
Lini uamuzi ulitoka, OP?

#45 MzigoNingbo
Leo siku ya 22.

#46 HesabuZaBure
Na wewe upo hapa unatuuliza nani anavaa Aprili!

#47 Kijana_wa_Moshi
Samahani natoka nje ya mada. Kwa nini tunaagiza miti ya plastiki wakati mti wa maua mekundu unaoitwa mkrismasi unachanua bure kila Desemba?

#48 MamaSendOff
Jaribu kuuingiza sebuleni, mkuu.

#49 Dada_wa_Kamukunji
Na mti wa asili ukiuagiza kutoka nje unatoka sura ya 95 kabisa, unaenda sura ya 6 na mimea. Hapo utaulizwa cheti cha afya ya mimea. Bora plastiki, haiugui.

#50 Konokono_wa_Mbeya
Mimi bado nasema robo mwaka.

#51 Invoisi_Safi
Na mimi bado nasema invoisi.

#52 MzigoNingbo
Mrejesho wakuu. Nimelipa yote ili mzigo utoke, storeji ilikuwa inanila. Taa zimebaki zikisubiri cheti. Barua ya kofia nimeipeleka siku ya 26, kurasa mbili, na kofia tatu kwenye bahasha. Aliyepokea kaivaa moja kujaribu, kipira kikadondoka mezani. Sijui kama hiyo ni nzuri au mbaya kwangu.

#53 MzeeManifesti
Alikuandikia risiti ya kupokea, yenye tarehe na mhuri?

#54 MzigoNingbo
Kaandika mzee. Na kipira kakirudisha.

#55 Bodaboda_wa_Tegeta
Mkuu hizo kofia jumla unatoaje? Nataka kama 40, zifyonze jasho lakini.